Gharama na Uponyaji: Ulinganisho wa Vifunikio vya Vidonda kwa Anayepaswa Kuchagua

Anayenunua vifaa vya kufungia vidonda, awe mkuu wa wodi, mfamasia wa kituo cha afya au ndugu anayemuuguza mzazi wake nyumbani, hukutana na bei zilizoachana sana. Upande mmoja ipo gozi ya pamba, ambayo hata mwenye kipato kidogo huimudu, na upande wa pili vipo vifunikio vya kisasa ambavyo kipande kimoja huweza kugharimu mara kumi au mara ishirini ya gozi. Walio wengi huziweka bei hizo mbili sambamba na kuamua papo hapo, na uamuzi huo hukosewa kwa njia mbili zinazopingana: wengine hununua cha bei ya chini kisha wakalipa zaidi kwa kukibadilisha kila mara, na wengine hununua cha bei ya juu kwa kuamini kwamba ughali ni dalili ya nguvu ya kuponya. Makosa yote mawili humuumiza mgonjwa, na yote mawili huzuilika endapo mnunuzi atauliza maswali yaliyo sahihi kabla ya kufungua mkoba.

Swali la kwanza linahusu kile kinacholipiwa. Bei ya kipande ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kutunza kidonda. Kila kinapofunguliwa huhitajika glovu, maji ya chumvi, plasta au bandeji ya kushikilia, mfuko wa taka za hospitali na, kikubwa kuliko vyote, muda wa muuguzi. Mgonjwa wa nje huongeza nauli na siku ya kazi iliyopotea, wakati mwingine pamoja na ya ndugu aliyemsindikiza. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni gharama ya wiki nzima, inayopatikana kwa kujumlisha bei ya kifunikio, vifaa vinavyoambatana nacho na muda wa mhudumu, kisha kuzidisha jumla hiyo kwa idadi ya mara ambazo kidonda hufunguliwa.

Tuchukue mfano wa hesabu tupu, tukitumia vizio badala ya sarafu yoyote. Tuseme gozi ya kufunga mara moja ina thamani ya vizio 2, vifaa vya kuambatana vizio 3, na muda wa muuguzi vizio 6, hivyo kila ufungaji unagharimu vizio 11. Kidonda kinachotoa majimaji kiasi cha kuhitaji kufungwa mara mbili kwa siku kitatumia vizio 154 kwa wiki. Kifunikio cha sponji chenye bei ya vizio 24, yaani mara kumi na mbili ya gozi, kitafikisha vizio 33 kwa kila ufungaji. Kikikaa siku tatu hadi nne na kubadilishwa mara mbili kwa wiki, gharama yake ni vizio 66, ambayo haifikii nusu ya ile ya gozi. Lakini hesabu hiyohiyo hugeuka mara moja iwapo majimaji ni mengi mno na sponji inalazimika kubadilishwa kila siku, kwa kuwa sasa tunalipa vizio 231. Hugeuka tena iwapo kidonda ni kidogo, kinafungwa mara moja kwa siku, na anayekifunga ni mtoto wa mgonjwa aliyefundishwa vyema nyumbani: muda wa muuguzi haulipiwi tena, hivyo gozi itagharimu vizio 35 na sponji ikibadilishwa mara mbili itagharimu vizio 54. Kifaa ni kilekile na bei ni ileile, ila mshindi amebadilika kwa sababu ya idadi ya mara za kufungua na ya nani anayefungua. Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi ni nafuu bila kunieleza kidonda kinatoa majimaji kiasi gani, siwezi kumjibu kwa uaminifu.

Kidonda chenyewe kinahitaji nini

Ulinganisho wowote ulio makini huanzia kwenye kazi ya George Winter, ambaye mwaka 1962 alionyesha kwa majeraha ya juujuu ya nguruwe kwamba ngozi mpya hutambaa kwa kasi ya takriban mara mbili pale jeraha linapofunikwa kwa utando wa plastiki na kubaki na unyevu, kuliko linapoachwa wazi likauke na kuota gamba. Mwaka uliofuata matokeo ya namna hiyo yalionekana kwa binadamu. Seli za ngozi husafiri juu ya sehemu yenye unyevu. Likiwepo gamba gumu hulazimika kupita chini yake, na safari huwa ndefu. Hapo ndipo ulipochipuka ukoo mzima wa vifunikio vya kisasa, ambavyo kwa kweli vimeundwa kutimiza lengo moja, yaani kuhifadhi unyevu wa kiasi bila kuiacha ngozi ya pembeni ilowe na kuwa nyeupe.

Jambo hilo likieleweka, majina mengi ya vifaa yanaacha kutisha. Kidonda kikavu kinahitaji kupewa maji, kidonda chenye majimaji mengi kinahitaji kufyonzwa, na kidonda kilicho katikati kinahitaji kuachwa kitulie. Kifaa kinachofyonza kikiwekwa juu ya kidonda kikavu kitakikausha zaidi na kung'ang'ania nyama. Kifaa kinachotoa maji kikiwekwa juu ya kidonda kinachovuja kitaiozesha ngozi ya kando. Fedha zilizotumika katika hali hizo mbili zimepotea hata kama kifaa kilinunuliwa kwa bei ya punguzo.

Gozi na sponji

Gozi ina sifa ambazo wauzaji wa vifaa vya kisasa hawazisemi. Inapatikana, inakatwa kwa umbo lolote, inaingia kwenye mashimo ya kidonda chenye kina kirefu, na haimlazimishi mhudumu kusubiri siku kadhaa ndipo aone kinachoendelea ndani, jambo lenye thamani kubwa kwa kidonda chenye maambukizi. Kasoro yake inajulikana na kila aliyewahi kufungwa nayo: ikikauka hushikamana na nyama changa, na inapobanduliwa huondoka na kile ambacho mwili umekijenga tangu jana, tena kwa maumivu. Desturi ya kuweka gozi mbichi, kuiacha ikauke na kuivuta ili ing'oe uchafu haichagui kati ya nyama iliyokufa na nyama iliyo hai. Kwenye kidonda ambacho tayari kimeota nyama safi nyekundu, desturi hiyo ni hasara tupu.

Sponji ya poliurethani hufyonza majimaji na kuyashikilia mbali na kidonda, hukinga dhidi ya msuguano, na inaweza kukaa hadi siku saba iwapo majimaji ni ya wastani. Faida yake kubwa kwa maoni yangu iko katika utulivu unaopatikana: mgonjwa analala bila kuamshwa kufungwa, na muuguzi aliyekuwa akifunga vidonda kumi kila asubuhi anapata nafasi ya kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Kikwazo ni kwamba faida hiyo hupatikana pale tu kifunikio kinapoachwa kikae. Wodi inayonunua sponji na kuendelea kuifungua kila siku kwa mazoea hulipa bei ya kisasa na kuvuna matokeo ya kizamani, na hali hii imeenea kuliko inavyokubaliwa.

Je, uponyaji wenyewe unatofautiana? Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Utafiti uliofanyika Amsterdam na kuchapishwa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 285 wa hospitali wenye vidonda wazi, haukuona kwamba vifunikio vya kisasa viliponya haraka kuliko gozi. Vifaa vya kisasa viligharimu zaidi kwa siku, huku muda wa wauguzi ukigharimu zaidi kwa waliofungwa gozi, na jumla ya gharama haikupishana kwa kiwango cha maana. Anayesoma matokeo hayo asikimbilie kusema kwamba vyote ni sawa. Yanaonyesha kwamba kasi ya kupona haitoshi kuwa hoja ya kununua sponji. Hoja yake ni maumivu yanayopungua na muda wa kazi unaookolewa, na thamani ya muda huo hutegemea kama kuna kazi nyingine inayomsubiri muuguzi.

Kati ya hizo mbili kuna chaguo ambalo husahauliwa, nalo ni kitambaa chenye matundu kisichoshika kidonda, kikiwemo kile kilichopakwa mafuta, kinachojulikana na wengi kama gozi ya vaselini. Kipande chake huwekwa juu ya kidonda na gozi ya kawaida huwekwa juu yake. Majimaji hupita kwenye matundu, gozi ya juu hubadilishwa kila inapolowa, na tabaka la chini hubaki mahali pake. Kwa nyongeza ndogo ya gharama, sehemu kubwa ya kasoro ya gozi inaondoka. Kama ningeshauri kituo chenye bajeti finyu kuongeza kifaa kimoja tu kwenye kabati lake, ningetaja hiki kabla ya kingine chochote.

Vinginevyo katika rafu

Alginati hutengenezwa kwa mwani wa kahawia, na nyuzi zake zikikutana na majimaji ya kidonda hubadilishana kalsiamu na sodiamu na kugeuka ute laini. Inafyonza mara nyingi ya uzito wake, na kalsiamu inayoachwa husaidia damu ndogondogo kuganda, kwa hiyo hufaa kidonda kinachovuja sana au kinachotokwa damu kidogo baada ya kukatwa nyama iliyokufa. Inahitaji kifunikio cha pili juu yake, gharama ambayo mara nyingi haionekani kwenye bei iliyotajwa. Ikilinganishwa na sponji, hushinda pale penye shimo na majimaji mengi, na hushindwa kabisa pale pakavu, kwa sababu nyuzi zisizopata majimaji hukauka na kubaki ndani kama uchafu.

Haidrokoloidi ni kipande chenye gundi kinachofunga kidonda pasipo kuruhusu maji kuingia, na hukaa siku tatu hadi saba. Kwa kidonda kisicho na kina, chenye majimaji kidogo hadi ya wastani, kama vidonda vya awali vya kulalia, mara nyingi gharama yake ya wiki ni ndogo kwa sababu hakihitaji bandeji wala kifunikio cha pili, na mgonjwa anaweza kuoga. Inapasa familia ielezwe mapema kwamba ndani yake hujitengeneza ute wa manjano wenye harufu, ambao watu huudhania usaha na kukibandua kifunikio kabla ya wakati. Maelezo ya dakika mbili huokoa kipande kizima. Hakifai kidonda chenye maambukizi, wala mguu wa mwenye kisukari unaotakiwa kukaguliwa kila mara, kwa kuwa kinachofichwa siku tano chini ya haidrokoloidi kinaweza kuwa kimefika kwenye mfupa.

Utando mwembamba wa plastiki wenye gundi haufyonzi chochote, ila unaonyesha kilicho chini yake na hugharimu kidogo. Mahali pake ni majeraha ya juujuu, sehemu iliyochunwa ngozi ya kupandikiza, na juu ya vifunikio vingine ili kuvishikilia. Haidrojeli, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hulainisha nyama kavu iliyokufa ili mwili uiachie yenyewe. Lakini panapo wembe wa upasuaji na mkono wenye ujuzi, kuondoa nyama hiyo kwa kuikata hukamilika kwa kikao kimoja au viwili, ilhali haidrojeli huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ulinganisho wa haki ni kati ya mirija ya jeli ya wiki hizo na gharama ya kikao hicho. Tahadhari moja hapa ina uzito wa kipekee: gamba jeusi kavu lililotulia kwenye kisigino au kidole cha mguu usiopata damu ya kutosha halilainishwi. Huachwa kavu, likafunikwa kwa gozi, hadi hali ya mishipa ijulikane. Katika hali hii kifaa cha bei ya chini kabisa ndicho pia kilicho salama zaidi.

Kwa kidonda cha upasuaji kilichoshonwa na kilicho safi, mjadala ni mfupi. Kingo zake hujifunga kwa tabaka jembamba la ngozi ndani ya saa 48 hivi, na kifunikio rahisi kinachofyonza kidogo kinatosha. Kuosha vidonda navyo hakuhitaji gharama kubwa: maji safi ya kunywa, au yaliyochemshwa na kupozwa, hayajaonekana kuongeza maambukizi yakilinganishwa na maji ya chumvi ya chupa. Fedha inayookolewa hapo kila siku inaweza kulipia vifunikio bora kwa wale wachache wanaovihitaji.

Majeraha ya moto

Sehemu hii inastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndipo mazoea na ushahidi vinapogongana waziwazi. Krimu ya silver sulfadiazine, yenye madini ya fedha na dawa ya salfa, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960 na ikawa ndiyo dawa ya kwanza inayofikiriwa kila mtu anapoungua. Kopo lake si ghali sana, na hilo ndilo linalowavuta wengi. Ila krimu hiyo hupaswa kuoshwa na kupakwa upya kila siku, au mara mbili kwa siku. Kila uoshaji ni maumivu makali, mara nyingi kwa mtoto mdogo, unaohitaji dawa ya maumivu na mikono ya watu wawili au watatu. Tena hutengeneza utando mweupe juu ya jeraha unaomzuia mganga kupima kina chake, na majaribio kadhaa yaliyokusanywa pamoja yameelekea kuonyesha kwamba majeraha ya juujuu yanayopakwa krimu hiyo huchelewa kupona kuliko yanayofunikwa kwa vifaa vingine. Haipaswi kutumiwa kwa watoto wachanga wala kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mwenye mzio wa dawa za salfa huenda akadhurika.

Kwa jeraha lisilo la kina, lililo safi, lenye malengelenge yaliyopasuka, chaguo la pili baada ya krimu hiyo ni gozi ya vaselini yenye gozi nene juu yake, ambayo tabaka la juu hubadilishwa likilowa na la chini huachwa. Gharama ya vifaa inakaribiana na ya krimu au ni pungufu, maumivu hupungua, na muda wa wodi hupungua. Chaguo la tatu ni kifunikio cha sponji au cha nyuzi chenye madini ya fedha kinachokaa siku kadhaa. Bei yake ni kubwa, ila kwa mtoto ambaye vinginevyo angehitaji kulazwa ili aoshwe kila siku chini ya dawa kali, siku za kitandani zinazookolewa huweza kufidia bei hiyo na kubakiza. Jeraha lililochoma tabaka zote za ngozi liko nje ya ulinganisho huu, kwa sababu linahitaji upasuaji na kupandikizwa ngozi, na kila wiki inayotumika kujaribu vifunikio ni wiki ya kuchelewesha tiba yenyewe.

Kifunikio chenye dawa ndani yake

Hapa ndipo bei hupanda zaidi na ndipo ahadi huwa kubwa zaidi. Madini ya fedha huua vimelea vingi, hilo halina shaka katika maabara. Swali la mnunuzi ni kama kidonda kinapona haraka. Jaribio la VULCAN la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 213 wenye vidonda vya miguu vitokanavyo na udhaifu wa mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni), lililinganisha vifunikio vyenye madini ya fedha na vifunikio vya kawaida visivyoshika, na baada ya wiki 12 halikupata tofauti ya maana katika idadi ya vidonda vilivyopona. Kwa kuwa vyenye madini ya fedha viligharimu zaidi, havikustahili kutumiwa kama utaratibu wa kila mgonjwa. Mwaka 2008 jaribio la New Zealand lenye wagonjwa 368 lilikuwa limefikia hitimisho linalofanana kuhusu vifunikio vyenye asali ya tiba kwa vidonda vya aina hiyohiyo. Kwa vidonda sugu vya miguu ya wenye kisukari, utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2009 wenye wagonjwa 317 ulilinganisha kifunikio cha kawaida kisichoshika, kingine chenye iodini, na cha nyuzi zinazofyonza. Katika wiki 24 hakuna kilichowashinda wenzake kwa kuponya, na hivyo cha bei ya chini kikabaki na hoja yenye nguvu kuliko vyote.

Sisemi kwamba vifaa hivi havina mahali. Kidonda chenye dalili za maambukizi ya juujuu, yaani majimaji yaliyoongezeka ghafla, harufu mpya, nyama inayotoka damu kwa kuguswa na uponyaji uliosimama, kinaweza kupewa kifunikio chenye madini ya fedha au iodini kwa muda wenye mipaka. Wiki mbili ni kipindi kinachofaa, kisha kidonda kitathminiwe: kama dalili zimeondoka, mgonjwa arudi kwenye kifunikio cha kawaida; kama hazikuondoka, sababu itafutwe kwingine. Iodini isitumiwe kwa muda mrefu juu ya kidonda kikubwa cha mtu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wala kwa mjamzito au mtoto mchanga. Na maambukizi yaliyosambaa, yenye homa au wekundu unaopanda mguuni, yanahitaji antibayotiki ya kunywa au ya sindano na mara nyingi upasuaji; kuyawekea kifunikio ghali ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hanazo.

Mashine ya kufyonza kidonda inastahili aya yake. Hufanya kazi kwa kufunika kidonda kwa sponji na utando usiopitisha hewa, kisha kuvuta kwa nguvu ya takriban milimita 125 za zebaki chini ya mgandamizo wa hewa, na vifaa hubadilishwa kila siku mbili au tatu. Kwa kidonda kikubwa kilicho wazi baada ya upasuaji au ajali, kinachovuja kupita uwezo wa kifunikio chochote, mashine inaweza kuwa njia inayofaa kuelekea kupandikiza ngozi, na hesabu yake ya wiki si mbaya kama bei ya kwanza inavyoashiria. Kuitumia juu ya kidonda kilichoshonwa kwa matumaini ya kuzuia maambukizi ni jambo jingine. Jaribio la WHIST la mwaka 2020, lenye washiriki 1,548 waliofanyiwa upasuaji wa mifupa ya miguu iliyovunjika katika ajali, lilipata maambukizi ya kina kwa siku 30 kuwa asilimia 5.8 kwa waliotumia kifaa cha kufyonza na asilimia 6.7 kwa waliofungwa kawaida, tofauti isiyotosha kusema kwamba kimoja kilishinda.

Fedha inapopaswa kwenda kwanza

Tafiti hizi nyingi zinaelekeza mahali pamoja, na natamani kila anayeshika bajeti alitambue jambo hili: vidonda sugu vingi havisubiri kifunikio bora, vinasubiri chanzo chake kishughulikiwe. Kidonda cha mguu kitokanacho na vena hupona kwa bandeji za kukaza, baada ya kuhakikishwa kwamba mishipa ya ateri, inayopeleka damu mguuni, iko salama. Uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono ukiwa 0.8 au zaidi kwa kawaida huruhusu kukaza kikamilifu. Kidonda cha chini ya wayo wa mwenye kisukari hupona uzito unapoondolewa juu yake kwa plasta ngumu au kiatu maalumu kinachofika chini ya goti. Kidonda cha kulalia hupona mgonjwa anapogeuzwa, anapopewa godoro linalofaa na anapokula protini ya kutosha. Gozi ya vaselini chini ya bandeji ya kukaza iliyofungwa vizuri itakishinda kifunikio ghali kilichowekwa juu ya mguu uliovimba, na kwa sababu hiyo kituo kisichoweza kulipia vyote viwili kilipie bandeji na mafunzo ya kuifunga.

Haki inadai nitaje mfano unaokwenda kinyume. Jaribio la EXPLORER, lililochapishwa mwaka 2018, lilichukua wagonjwa 240 wa kisukari wenye vidonda vya mguu ambao mishipa yao ya fahamu na ya damu ilikuwa imeathirika, wote wakipata huduma nzuri ya msingi, na kulinganisha kifunikio chenye sucrose octasulfate na kilekile kisicho na kiungo hicho. Baada ya wiki 20, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 48 ya waliopewa chenye kiungo hicho, na kwa asilimia 30 ya waliopewa kisicho nacho. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayekabiliwa na hatari ya kukatwa mguu. Izingatiwe tu kwamba faida ilionekana kwa kundi maalumu, juu ya huduma ambayo tayari ilikuwa imekamilika. Haikuonyeshwa kwamba kifaa hicho kingeweza kuchukua nafasi ya kuondoa uzito mguuni.

Mnunuzi atajuaje basi kama alichochagua kinafanya kazi kwa mgonjwa aliye mbele yake? Kidonda kipimwe urefu na upana siku ya kwanza, vizidishwe, kisha vipimwe tena kila wiki. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari ambacho eneo lake halijapungua kwa takriban nusu katika wiki nne kina uwezekano mdogo wa kufunga ifikapo wiki ya 12, na hiyo ni ishara ya kusimama na kuuliza upya kuhusu damu, maambukizi ya mfupa, uzito, sukari na lishe. Kipimo hiki kinahitaji rula ya karatasi na daftari tu. Bila kipimo, kituo huendelea kununua kifaa kwa mwaka mzima kwa sababu kilinunuliwa mwaka jana, na hakuna awezaye kusema kama kilimsaidia mtu.

Lipo kundi moja ambalo hesabu yote hii hailifai, nalo ni la wagonjwa ambao vidonda vyao havitapona, hasa vile vya saratani iliyotoboa ngozi. Hapa kugawa gharama kwa kidonda kilichopona hakuna maana, kwa sababu kinachonunuliwa ni harufu iliyopungua, damu iliyozuiwa, maumivu kidogo wakati wa kufunguliwa, na uwezo wa kukaa chumba kimoja na wajukuu. Metronidazole inayopakwa juu ya kidonda hupunguza harufu kwa gharama ndogo. Alginati husaidia damu inayochuruzika, na kitambaa kisichoshika huondoa sehemu kubwa ya maumivu ya kila siku. Ikiwa sponji ya bei ya juu itamfanya mgonjwa huyo afunguliwe mara mbili kwa wiki badala ya mara mbili kwa siku, basi inunuliwe, hata kama kwenye daftari haitaonekana kidonda chake kikipungua.